Gari Nililolikagua Penye Msiba

Jumamosi iliyopita niliwaacha kwenye kona ya kijito, Agripina akiwa juu ya machela na wanaume wanane wamesimama.

Kwa aliyekosa gazeti, ilikuwa hivi. Mke wangu alianza kuvuja damu akiwa na mimba ya mtoto wetu wa tano, hapa Murusagamba. Gari halikupatikana, tukambeba kwenye ingobyi, machela yetu ya kusuka ambayo kila kitongoji kina chama chake cha kuibeba. Pale kwenye kona Pancras, mkubwa wa chama, alimwekea vidole shingoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Tuendelee au tugeuze?"

Nikasema tuendelee. Tulitembea saa nzima na maiti kwa sababu mimi sikuweza kulitamka lile neno la pili. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunisuta kwa hilo.

Hayo mmekwisha kuyasoma. Haya ya leo hawayajui hata watoto wangu.

Miaka mitatu baada ya msiba ule, binti yangu mkubwa, Nimpaye, alirudi nyumbani na mimba yake ya kwanza. Mumewe alikuwa machimboni Geita. Nesi wa kliniki alimwandikia kwenye kadi kwamba kondo la nyuma limekaa chini, asijifungulie nyumbani, na akiona damu afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ilikuwa habari ile ile ya mama yake, mwandiko tu ndio uliokuwa mwingine.

Nikaapa kwamba Nimpaye hatabebwa. Niliuza ng'ombe wawili na kahawa ya msimu mzima, wadogo zangu wakaongeza, nikaanza kutafuta gari.

Nilijua ninachotafuta. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa karani wa wakala wa forodha pale Rusumo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kulala chini ya magari. Nilikuwa natandika turubai, nalala chali, tochi mdomoni, nasoma namba za chasisi na kuzilinganisha na makaratasi.

Magari madogo ya siku hizi bodi na chasisi ni kitu kimoja, na barabara yetu huyamaliza kwa masika moja. Nilitaka gari lililojengwa kama lori: chini chasisi nzito, juu bodi iliyofungwa kwa bolti, siti za nyuma zikunjike mgonjwa alale. Na nilijua gari la namna hiyo halinunuliwi kwa kuangalia juu. Injini hubadilishwa, giaboksi hubadilishwa. Chasisi ikiwa imekatika, umenunua kabati.

Dalali mmoja, Thobias, alinipigia simu. Alikuwa na gari la namna hiyo, Surf ya dizeli, huko Nyakahura, mali ya marehemu, na wafiwa walitaka kuiuza haraka. Alinishauri nisilale, kwani kulikuwa na watu wa Kahama waliokuwa wakija kesho yake.

Nilifika Nyakahura siku ya gulio. Thobias alinipokea barabarani, kijana wa maneno laini, akaniongoza mpaka kwenye nyumba yenye turubai na mabenchi. Gari lilikuwa limeegeshwa uani. Njiani alinionya nisimtajie mjane habari za gari, maana mwanamke aliyefiwa juzi hauzi mali ya mumewe kwa mdomo wake. Mazungumzo yote yangepita kwake yeye dalali.

Nikaona huyu kijana amelelewa vizuri.

Mjane aliitwa Adventina, mama wa umri wa dada yangu mkubwa, ameketi kwenye mkeka. Nilimwamkia shikamoo, nikampa pole kwa kuondokewa na mzee. Aliitikia marahaba, akanishika mkono kwa muda mrefu. Nami niliujua mkono wa namna ile.

Kisha nikaenda kwenye gari.

Niligusa injini kwanza. Ilikuwa ya baridi, yaani hakuna aliyeipasha moto kunidanganya. Kijiti cha oili kilitoka safi, hakikuwa na tone la maji. Maji ya rejeta hayakuwa na mafuta. Tulipowasha, moshi mweupe ulitoka kidogo ukakata. Mikanda ya siti zote saba ilikuwa inakaza. Gia ndogo ya kuvuta magurudumu yote iliingia bila kelele. Nilichuchumaa penye gurudumu la mbele la kulia, nikasoma namba ya chasisi: ililingana na kadi ya gari. Nilifunga milango mmoja mmoja, na yote ilitoa sauti moja.

Ikabaki chini. Nikatoa turubai langu kwenye mfuko.

Thobias alinishika mkono. "Mzee wangu, wewe si Mhangaza? Utalala chali hapa?"

Kwetu sisi Wahangaza wa Ngara, penye msiba, kabla matanga hayajaondolewa, anayelazwa chali uani ni marehemu peke yake. Aliye hai akilala hivyo, ameita mwingine. Jambo hilo sikulisoma shuleni. Nilifundishwa na mama yangu, na katika msiba wa Agripina nilimchapa kofi mwanangu wa mwisho kwa sababu alijinyoosha kwenye nyasi.

Nikamwomba Thobias tulitoe gari barabarani. Alisema gari la marehemu halitoki uani kabla ya matanga, ila na mtu aliyekwisha kukubali kulinunua. Hilo sikuwahi kulisikia, lakini liliingia akilini. Nilichuchumaa tu, nikamulika kwa simu. Nikaona chini kote kumepakwa rangi nyeusi mpya, nzito kama lami.

"Marehemu alilipaka mwenyewe kuzuia kutu," alisema Thobias. "Mtu anayepaka hata mahali pasipoonekana, huyo alilipenda gari lake."

Kule Rusumo ningecheka. Rangi mpya chini ya gari kuukuu ndiyo kitu cha kwanza tulichokuwa tunakikwangua.

Lakini pale nilimtazama Adventina kwenye mkeka, nikalikunja turubai langu.

Niliingia Murusagamba nikipiga honi. Watoto walikimbia nyuma ya gari mpaka nyumbani. Nimpaye alilizunguka mara mbili akilipapasa kama ng'ombe mgeni, akaniambia, "Baba, sasa nitalala usingizi."

Kesho yake nilikwenda kwa Pancras kurudisha filimbi.

Kila nyumba iliyo kwenye chama cha machela hupewa filimbi moja. Ukiipuliza mara tatu kwa kirefu, wanaume wanaacha majembe walipo na kuja. Nyumba nayo hutoa mtu wa kubeba zamu yake ikifika. Mimi nilikuwa nimechoka na zamu, na kila nikiiona ile machela ikining'inia ukutani kwa Pancras nilikuwa naona miguu ya Agripina.

Ningeweza kusema hivyo. Badala yake nilisema kwamba nyumba yangu imemaliza habari za kubebwa kama mikungu ya ndizi.

Pancras aliipima filimbi kiganjani. Wanaume wanne walikuwa pale wakisubiri pombe yao.

"Hilo gari lako lina filimbi?" aliuliza.

"Lina honi."

"Basi haya, Bwana Honi." Wakacheka, nami nikacheka.

Tangu siku hiyo jina likanikaa. Kila nikipita kwenye mashamba yao nilikuwa napiga honi, nao wanainua majembe kunijibu. Ulikuwa utani. Lakini nakiri kwamba kwa upande wangu haukuwa utani wote.

Wiki ya tatu gari lilianza kugonga nyuma kila nilipopanda mlima. Nilidhani ni bushi. Nikalipeleka Rusumo kwa Danstan, fundi ninayemfahamu tangu enzi za forodha.

Danstan hakunisalimia vizuri kabla hajajitupa chini ya gari. Nilisikia akigonga kwa nyundo. Chasisi nzima hulia kama kengele. Hii ililia vizuri mbele, ikalia vizuri katikati, na alipofika nyuma ikatoa sauti ya debe lililojaa mchanga.

Kisha akaanza kukwangua.

"Alfonce," aliniita kutoka chini. "Njoo ulale hapa."

Nikalala. Chini ya ile rangi kulikuwa na bamba la chuma lililochomelewa pande zote mbili, na pembeni mwa bamba, ufa mpya ulikuwa unatambaa. Gari lilikuwa limewahi kukatika vipande viwili likaunganishwa.

"Nani alilikagua?"

"Mimi."

Danstan aligeuza uso akanitazama, akidhani namtania. "Wewe Alfonce? Hukulala?"

Nilimweleza. Hakucheka, maana naye ni wa Ngara. Alisema anaweza kuchomelea tena na likapendeza likiwa limesimama, ila nisilipandishe wala nisiliteremshe mlima, na nisipakie watu.

"Na akiwa mgonjwa mmoja tu?" nikauliza.

"Mgonjwa naye ni mtu," alisema Danstan.

Nililirudisha gari nyumbani taratibu, bila abiria. Simu ya Thobias haikupatikana tena. Nikarudi Nyakahura kwa basi. Turubai na mabenchi havikuwapo. Mama Adventina alikuwa anaanika maharage, akanikumbuka, akaniletea kiti. Nikamuuliza kwa upole kuhusu gari la marehemu.

"Gari lipi, mwanangu?" alisema. "Mume wangu hakuwa na hata baiskeli."

Alinieleza kwamba kijana mmoja alifika siku ya pili ya msiba na kilo mbili za sukari, akasema ametoka kwa ndugu wa upande wa mzee, akaomba aegeshe gari pale mpaka watu watawanyike. Baadaye alileta wageni watatu, siku tofauti. Nami nilikuwa wa mwisho.

"Wote mlikuwa wa Ngara," alisema. "Na wote mlinipa pole kwa heshima sana. Nilisema kumbe mzee alikuwa na marafiki mpaka huko, na mimi sikuwajua."

Nilikuwa nimekuja nikiwa na maneno makali. Niliyameza. Ningemwambia ukweli, ningemnyang'anya hao marafiki. Nikanywa uji wake, nikaaga.

Sasa nafika kwenye lile ninaloliungama.

Nilirudi Murusagamba nikijua gari ni bovu. Nilijua Nimpaye anasubiri kwa amani kwa sababu ya gari lile, na kila Jumamosi alikuwa analiosha kwa mkono, tumbo limetangulia. Dawa ilikuwa moja tu, kwenda kwa Pancras, kukiri, na kuomba filimbi yangu. Nilifika kwenye uzio wake mara mbili. Mara ya kwanza nilisikia watu wanacheka ndani nikarudi. Mara ya pili hapakuwa na anayecheka, na bado nilirudi.

Nilipanga kwamba Jumatatu inayofuata nitampeleka polepole, tupange chumba karibu na hospitali mpaka siku yake ifike.

Damu ilikuja Alhamisi asubuhi, siku nne kabla. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na ilikuwa bado inanyesha. Nilikuwa jikoni napuliza moto alipokuja mlangoni amejishika ukuta.

"Baba, imeanza," alisema. "Washa gari."

Kutoka kwangu kwenda kwa Pancras ni robo saa. Kubebwa kwa machela mpaka hospitali ni saa tano au zaidi kwa matope yale. Kwa gari, kama lingeshika, ni saa moja na nusu. Nilijiambia hesabu hiyo wakati natafuta ufunguo, na hesabu ilikuwa ya kweli. Lakini si hesabu iliyonizuia kwenda kwa Pancras. Niliona aibu.

Nilimlaza nyuma juu ya godoro, nikawasha.

Niliendesha kama nimepakia mayai. Kila gurudumu lilipoingia shimoni nilisubiri. Nimpaye alikuwa anaongea ili asiogope. Alisema mtoto akiwa wa kike ni Agripina, akiwa wa kiume nimpe jina mimi. Halafu akasema, "Baba, mbona unaendesha kama unaogopa?"

"Utelezi, mwanangu."

"Kwa gari hili?" alisema, na nilisikia anatabasamu.

Katikati ya mteremko wa kwenda kijitoni, gurudumu la nyuma liliingia kwenye mfereji uliochimbwa na mvua. Sauti iliyotoka haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu amevunja muwa kwa goti. Nyuma ikakaa chini, mbele ikainuka, na gari likasimama limejikunja.

Milango ya nyuma haikufunguka. Ile milango iliyokuwa ikifunga kwa sauti moja ilikuwa imebanwa na bodi, hata kioo hakikushuka. Nilivunja kwa jiwe, nikaingia kwa tumbo juu ya vipande. Godoro lilikuwa limelowa, na haikuwa mvua.

Simu ilikuwa imeshika mtandao wa Burundi, kama ifanyavyo siku zote ukiwa upande ule wa mlima, na salio langu halikufanya kazi huko.

Nikarudi mbele nikapiga honi. Mara tatu, kwa kirefu, kama filimbi.

Mlimani, ng'ambo ya pili, niliona watu wawili wakipalilia migomba kwenye mvua. Mmoja alisimama, akageuka kutazama tulipo. Akainua jembe juu, akalipunga. Kisha akainama tena.

Nikapiga tena. Safari hii aliinua yule mwingine.

"Baba," Nimpaye alisema kwa sauti iliyokuwa inapungua, "wanakusalimia."

Sijui nilipiga honi mara ngapi. Mkono ulikufa ganzi nikaanza kupiga kwa kiwiko. Kumwacha peke yake nipande mlima nilishindwa, na kukaa bila kufanya kitu nilishindwa. Niliendelea mpaka honi yenyewe ikaanza kukauka.

Ndipo nilipowaona wanashuka, mmoja nyuma ya mwingine, na ile machela. Pancras alikuwa mbele.

"Niliisikia honi imekaa mahali pamoja," alisema.

Walimtoa Nimpaye dirishani, kichwa kikitangulia, wakamlaza, wakamfunika makoti yao. Wanaume wale wale waliombeba mama yake, isipokuwa wawili waliokwisha kufa, na kwenye nafasi zao walisimama watoto wao. Pancras aliinama kufunga kamba, na alipoinama akaona nyuma ya gari. Lile bamba lilikuwa linaning'inia upande mmoja, linachuruzika maji, na chuma chini yake kimefunguka kama mdomo.

Aliliangalia. Akaniangalia.

"Alfonce. Ulijua?"

Nimpaye alikuwa amefumba macho. Kwa swali lile aliyafumbua, akayaleta kwangu.

Nilitafuta jibu ambalo si uongo wala si kweli. Macho yangu yakaangukia lile bamba, na hilo lilimtosha Nimpaye. Akageuza uso upande wa pili.

Waliinua. Nilitembea nyuma yao kama nilivyotembea mwaka ule, nikitazama kisigino cha mtu wa mwisho. Mvua ilikuwa inapiga makoti. Tulishuka mteremko wote, tukavuka maji yaliyofika magotini, tukaanza kuikata ile kona ya Agripina.

Pancras aliinua mkono. Wakasimama.

Alirudi nyuma mpaka kwenye kichwa cha Nimpaye, akaliondoa koti polepole, akamwekea vidole shingoni. Alivishikilia pale. Akavisogeza kidogo, akavishikilia tena. Maji yalikuwa yanamtiririka puani na hakuyafuta.

Nililijua swali kabla hajafungua mdomo. Nililijua na sauti yake.

"Tuendelee au tugeuze?"

Wanaume wote walikuwa wanatazama chini, wananipa nafasi. Nikasogea nimwone mwanangu usoni kabla ya kujibu, na hapo mkono wake ukatoka chini ya makoti ukaning'inia nje ya machela, na mimi nimesimama hatua moja kutoka kwake sikuweza kujua kama ameunyoosha au umeanguka.